Sanaa ya muda kwenye makaburi ya kale ya Mtwara na Lindi: ndani au ukingoni, kusimamisha au kutundika?

Kikundi cha wasanii kikitaka kuweka kazi ya sanaa kwenye makaburi ya kale, huanza kwa kujiuliza kitengeneze nini. Kwa makaburi ya Kusini swali hilo lingoje. Muanze na kazi itakaa wapi na itagusa nini, kwa sababu kaburi la chokaa likipasuka halirudi, na wenye maziko wakikwazika hakuna kazi nyingine itakayopokelewa pale kwa miaka mingi.

Hapa tunalinganisha njia nne ambazo kikundi cha Mtwara, Mikindani, Masasi, Lindi au Kilwa kinaweza kuzimudu: kazi inayosimama yenyewe juu ya ardhi, kazi inayotundikwa mitini, kazi ya vitu vya kuoza, na kazi ya mwanga au sauti. Tunazungumzia kazi ya kukaa kati ya siku chache na wiki 6. Zaidi ya hapo, kwa jua, chumvi na mchwa wa huku, kazi inakuwa mzigo wa kutunzwa na si ya muda tena.

Ni makaburi gani?

Makaburi ya kale ya mikoa hii si ya namna moja. Yapo ya miji ya pwani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Yapo ya misheni: Masasi, ambako wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, na Ndanda, ambako Wabenediktini walianza mwaka 1906. Yapo ya wakati wa Wajerumani na Waingereza. Na yapo yale ambayo upande mmoja ni wa karne zilizopita na upande wa pili familia bado zinazika. Haya ya mwisho ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo au kaburi lolote lililofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa ni kumbukumbu ya kale. Kwa hiyo kaburi la chokaa lililokaa peke yake kichakani, bila kibao na bila uzio, linaweza kuwa ndani ya sheria hiyo sawa na msikiti mkuu wa Kilwa. Msichukue ukimya wa mahali kuwa ni ruhusa.

Kwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara jibu letu ni fupi: ndani ya magofu msiweke kitu. Ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na sasa yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Lakini hata pasingekuwa na sheria, sababu ingekuwa pale pale chini ya miguu. Huko Songo Mnara wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta vikokoto vyeupe na sarafu za shaba kwenye maeneo ya makaburi, vitu vilivyoachwa na watu waliokuja kuwakumbuka wafu wao. Viko karibu kabisa na uso wa ardhi. Reki moja ya kusafisha nyasi, au kigingi kimoja cha kufungia kamba, kinaweza kuvuruga kile ambacho kimelala mahali pake kwa zaidi ya miaka 500.

Kwingineko, barua zinakwenda ngazi kwa ngazi: mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mtendaji wa kata, ofisa utamaduni wa halmashauri, kisha Idara ya Mambo ya Kale. Wasanii wawe na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Ila barua yenye mihuri yote haitoshi kama kamati ya msikiti, parokia au wazee wa familia zenye maziko hawajaridhia. Waendeeni kabla ya kuandika chochote. Mnatoa shikamoo, mnakaa, mnaeleza mlikotoka, na ombi la kwanza liwe la mipaka: "Mzee, tunaomba utuonyeshe makaburi yanaishia wapi, na yapi hayana alama." Mzee anayejua kwamba chini ya mkorosho ule wamelala watoto watatu wasio na jiwe ana habari ambayo haimo kwenye ramani yoyote ya halmashauri.

Nanyi mnaweza kujisaidia kusoma ardhi. Kutoka Mtwara na Lindi kibla iko kaskazini karibu sawasawa. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kaburi la Kiislamu la huku hukaa mashariki kwa magharibi. Mkiona bonde dogo la urefu wa mita 2 na upana wa chini ya mita 1, limelala mwelekeo huo huo na makaburi ya jirani, lihesabuni kuwa ni kaburi hata kama hakuna jiwe. Bonde hilo hutokea kwa sababu mbao zilizofunika mwanandani zimeoza na udongo umeshuka. Huenda bado pana uwazi chini yake, na mzigo ukiwekwa juu udongo utashuka tena.

Ndani ya makaburi au ukingoni?

Faida ya kuweka kazi ndani ni moja, nayo ni kubwa: mtazamaji anaiona kazi na kaburi kwa pamoja, na kila kimoja kinamsaidia kukitazama kingine. Hasara zake zinahesabika. Makaburi yasiyo na alama yanakanyagwa. Watu wanatoka kwenye njia ili wapige picha. Mazishi yakitokea ghafla, kazi inaziba. Na kitu kikianguka kinaangukia kaburi.

Ndani panafaa pale tu ambapo mambo matatu yapo kwa pamoja: hakuzikwi tena, mipaka ya kila kaburi inaonekana, na yupo mlinzi mchana na usiku. Yakikosekana mawili, nendeni ukingoni bila kusitasita. Likikosekana moja, zungumzeni tena na wazee, ila msitegemee jibu zuri.

Vipimo vya kushika mkiwa ndani ni hivi. Kitu kikae mbali na kaburi la karibu kwa mara moja na nusu ya urefu wake, yaani kitu cha mita 2 kikae mita 3, ili hata kikianguka kisilifikie. Njia kuu ibaki na upana wa mita 2, kwa sababu jeneza hubebwa na watu pande zote mbili nao wanahitaji mahali pa kupokezana. Kazi yote iweze kuondolewa njiani ndani ya saa moja. Msifunge kitu chochote kwenye kaburi, hata uzi.

Ukingoni tunamaanisha nje ya ukuta au uzio, langoni, kando ya barabara ya kuingilia, au chini ya miti iliyo nje ya safu ya mwisho ya makaburi. Wasanii wengi hupaona kama mahali pa waliokataliwa. Kwa makaburi ya Kusini tunapinga mtazamo huo, kwa sababu historia yenyewe ya huku ni ya watu wengi waliobaki nje. Oktoba 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Waliobeba risasi na chakula chao walikuwa wapagazi, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kazi inayowahusu hao ikiwekwa nje ya ukuta wa makaburi ya maofisa, mahali pake panasema nusu ya maneno. Mkiisogeza ndani mnaipunguzia nguvu.

Hoja hiyo hiyo inahusu makaburi ya Wajerumani. Kilwa Kivinje ndiko aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, mwaka 1895. Majirani wa leo ni wajukuu wa watu wa wakati ule, na kazi inayolipamba kaburi la ofisa bila kuwataja waliouawa itasomwa kuwa ni kumtukuza yeye. Ukingoni mnapata nafasi ya kuyatazama makaburi hayo bila kuyapigia magoti.

Ughaibuni wameweka kazi ndani kwa wingi, na mifano yao inavutia. Green-Wood, makaburi ya Brooklyn, New York, iliyoanzishwa mwaka 1838, ilipokea mwaka 2017 kazi ya msanii Sophie Calle: mnara wenye tundu, ambao wageni wanatumbukiza karatasi zenye siri zao, na umepangwa kukaa miaka 25. Lakini Green-Wood ina malango yanayofungwa, njia za lami na wafanyakazi wa kudumu. Makaburi mengi ya huku hayana hata uzio, mbuzi wanapita, na watoto wanakatiza kwenda shule. Chukueni wazo, msichukue mpangilio.

Kuhusu sura ya kazi: kwenye makaburi ya Waislamu sanamu ya mtu au mnyama isiwekwe, ndani wala langoni. Kinyago cha shetani cha Kimakonde, ambacho kwenye duka la vinyago hakina shida, kikisimamishwa makaburini kitaeleweka kama uchawi, na aliyekichonga ndiye atakayeulizwa. Lipiko, kinyago cha kuvaa cha Wamakonde, ni la jando na la wenyewe. Halitoki kwenda kupamba maonyesho bila ya wenyewe kusema. Maumbo ya kijiometri, maandishi, ususi wa ukili na nakshi za milango ya pwani yanapokelewa kwa urahisi zaidi, na yana kina cha kutosha kwa msanii anayejua kazi yake.

Kusimamisha au kutundika?

Hapa ndipo watu wengi wanachagua vibaya. Kutundika kunaonekana kwepesi na kwa heshima zaidi, kwa kuwa kazi haigusi ardhi. Lakini kuna mtu atakayeipandisha, na atapanda ngazi. Mtu wa kilo 70 kwenye ngazi ya kilo 15, yenye miguu miwili ya sentimita 5 kwa 8, anaikandamiza ardhi kwa zaidi ya tani 10 kwa kila mita ya mraba. Sasa chukueni paneli inayosimama juu ya ubao wa mita 1.2 kwa 1.2, yenye jumla ya kilo 165 pamoja na mizigo yake. Hiyo inakandamiza kwa chini ya kilo 120 kwa mita ya mraba. Kwa udongo laini wa makaburini, kazi ya kusimama inakandamiza kidogo mno kuliko ngazi ya mtundikaji. Mkilazimika kutumia ngazi, iwekeni juu ya kipande cha plaiwudi ya milimita 18, na kamwe isiwe juu ya bonde la kaburi.

Adui mkubwa wa vyote viwili ni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, mfikirieni upepo wa mita 20 kwa sekunde, ambao ni kilometa 72 kwa saa. Unasukuma bapa lililosimama wima kwa karibu kilo 30 kwa kila mita ya mraba. Paneli ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 2 inapata msukumo wa kilo 60, na nguvu hiyo inakaa katikati ya paneli, kiasi cha mita 1.1 kutoka chini. Ikiwa kitako kina mita 1.2 kutoka mbele hadi nyuma, uzito wa kuizuia isipinduke ni kilo 110. Zidisheni mara moja na nusu kwa usalama: kilo 165. Kitako kikipanuliwa hadi mita 1.8, zinatosha kilo 110. Panueni kitako kwanza, kisha ndipo muongeze mzigo.

Mzigo wenyewe uwe mchanga mkavu wa mtoni au wa shambani. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 32 hivi, kwa hiyo ndoo tano zinaihudumia paneli yetu na kitako cha mita 1.2. Msitumie mchanga wa baharini. Mvua ikiunyeshea, chumvi inashuka ardhini, inanyonywa na mawe ya kaburi lililo karibu, na ikikauka inaganda ndani ya vitundu vya mawe na kuyamomonyoa kutoka ndani. Mbadala ni madumu ya maji: dumu la lita 20 ni kilo 20, linajazwa pale pale na kumwagwa nje ya uzio siku ya kuondoka. Vifuniko vikazwe, la sivyo mnafuga mbu. Viroba vya plastiki vilivyofumwa huchanika juani na kumwaga mchanga. Vikae ndani ya magunia ya katani au vifunikwe kwa mkeka.

Kutoboa paneli matundu kunasaidia, ila si kwa kiasi kinachodhaniwa. Paneli yenye uwazi wa nusu inapunguza msukumo kwa karibu theluthi, kwa sababu upepo unaopita kwenye matundu unavutana na kingo zake.

Fremu iwe ya mirunda au mbao zilizofungwa kwa bolti, au ya chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu na kukatiwa kabisa karakana. Fundi asichomelee makaburini: cheche zinawasha nyasi, na vumbi la chuma likilowa linaacha madoa ya kutu kwenye chokaa ambayo hayatoki. Saruji isiingie kabisa. Hata kibonge kidogo cha kusawazishia mguu kinabaki pale miaka. Na mtu akipata wazo la kuziba ufa wa kaburi kwa saruji iliyobaki, mzuieni: saruji ni ngumu kuliko matumbawe, inazuia unyevu kutoka, na jiwe linapasuka kando yake.

Kutundika tunakubali kwa miti ya ukingoni tu. Kanga iliyofungwa pembe zote nne ni tanga. Ya mita 1.1 kwa 1.6 inavuta zaidi ya kilo 50 kwenye upepo ule ule, na kitambaa kikiwa kipya tawi ndilo linalovunjika kwanza. Fungeni upande wa juu peke yake, chini muache huru, na ndani ya pindo mshone kamba nene ili kitambaa kisijikunje. Msitie ufito wala bomba pindoni, maana litakuwa rungu. Kila pembe ifungwe kwa uzi dhaifu utakaokatika kabla ya tawi, na kando yake kamba ya akiba iliyolegea, ili kitambaa kikiachia kisiruke hadi barabarani.

Tawi la kubebea liwe bichi na lisipungue unene wa sentimita 20. Tumieni mkanda wa upana wa sentimita 5 juu ya vipande vya tyubu ya tairi. Kamba ya nailoni inakata gome kama msumeno. Kamba ya katani ikilowa inafupika na kukaza, ikikauka inalegea, kwa hiyo ikaguliwe kila baada ya mvua. Msumari kwenye mbuyu haukubaliki kwa sababu mbili: unafungua njia ya kuoza, na mbuyu wa makaburini mara nyingi una wenyewe wanaokwenda kuomba pale. Mkorosho una utomvu unaochubua ngozi. Tena, kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, na vumbi lake la njano hutua kwenye kila kitambaa kilicho upande unakoelekea upepo. Kazi ya shaba au fedha ikikaa karibu na mashamba hayo inageuka nyeusi.

Kwa kifupi cha sehemu hii: simamisheni. Tundikeni pale tu ambapo kazi haiwezi kueleweka bila mwendo wa kitambaa, na mti uko nje ya safu za makaburi.

Vitu vya kuoza

Makuti, ukili, mianzi, udongo, gunia. Vina sifa ya kutoweka vyenyewe, na kwa hiyo vikundi huvichukulia kuwa havina madhara. Vina madhara yake. Mti laini ukigusa ardhi unaita mchwa ndani ya wiki chache, na mchwa wakishazoea mahali wanahamia kwenye mbao za nyumba au msikiti wa karibu. Inueni kila mguu juu ya bapa la jiwe, na mkague asubuhi kama pana njia ya udongo inayopanda. Msipake oli chafu. Inazuia mchwa kwa muda, kisha inashuka ardhini pamoja na mvua, na hakuna familia itakayokubali oli ya gari ishuke kwenye maziko yao.

Udongo mbichi mwekundu ni mzuri kwa kufinyanga, ila mvua moja kubwa inaugeuza tope, na tope lenye chuma likitiririkia kaburi jeupe linaacha wekundu usiosafishika. Kazi ya udongo ikae sehemu ya chini ya mteremko kuliko makaburi yote. Makuti yanashika moto upesi. Watu huja na chetezo cha ubani wakati wa ziara, kwa hiyo yasikae karibu na kaburi linalozuriwa. Majani mabichi mbuzi watayala.

Mpingo wengine wanauhesabu kuwa jibu la Kimakonde kwa kila kitu. Ni mgumu na mchwa hawauwezi, lakini kipande kilichochongwa kikiwa bado na unyevu kikikaa juani kinapasuka kuanzia kwenye ncha zake, wakati mwingine siku za mwanzo tu. Tena una thamani, utaibwa. Ukitumika, ukae kivulini na chini ya mlinzi, na magogo yawe na vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, tangu yalikotoka.

Mwanga na sauti

Havigusi kitu, na ndiyo sababu vinapendwa. Picha ya mwanga ya mita 4 kwa 2.25 kutoka projekta ya lumeni 5,000 inaonekana vizuri kwenye ukuta mweupe, na vibaya kwenye matumbawe yaliyoota kuvu jeusi. Projekta ya wati 350 kwa saa 4 inahitaji betri tatu za volti 12 na Ah 100, za asidi, zisizoshushwa sana. Kila moja ina karibu kilo 30. Jenereta iacheni nyumbani, kelele yake inaua heshima ya mahali. Onyesho lianze baada ya swala ya isha, katika usiku wa kiza cha mwezi, na mwanga uelekezwe kwenye ukuta wa nje au kitambaa. Ukielekezwa juu ya kaburi, wenye maziko wataona mtu wao amefanywa pazia.

Sauti ipunguzwe hadi isisikike zaidi ya mita 3 kutoka spika. Muziki usiwepo. Sauti ya mtu akisoma majina, au akisimulia habari za mahali, inatosha. Chumvi ya pwani inakula viunganishi vya waya ndani ya wiki mbili tatu. Vipakwe grisi na spika iingizwe ndani kila usiku.

| | Kusimama | Kutundika | Vitu vya kuoza | Mwanga na sauti |
|---|---|---|---|---|
| Kinachogusa ardhi | Ubao mpana na mzigo | Ngazi, siku ya kufunga na ya kufungua | Kila mguu, na mabaki yake | Betri na stendi |
| Kinachoharibika kwanza | Viroba vya mchanga | Pembe za kitambaa | Sehemu iliyogusa udongo | Viunganishi vya waya |
| Muda unaofaa | Hadi wiki 6 | Siku 7 hadi 14 | Wiki 2 hadi 4, kiangazi | Usiku 3 hadi 5 |
| Ndani ya makaburi | Ndiyo, kwa masharti | Hapana | Mara chache | Hapana kwa picha. Sauti kwa ridhaa |
| Ukingoni | Ndiyo | Ndiyo, upepo ukitulia | Ndiyo | Ndiyo |

Msimu

Mvua za Kusini huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Aprili na mwanzo wa Mei pia ni wakati ambao tufani zimeifikia pwani hii: Lindi Aprili 1952, Kenneth iliyopiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, Hidaya Mei 2024. Juni hadi Agosti ni kukavu, lakini kusi iko kwenye nguvu zake. Kinachobaki ni Septemba na Oktoba. Tatizo lake ni korosho: ikianza kuokotwa na minada kufunguliwa, vijana wa kubeba hawapatikani na magari yanapanda bei. Kwa kazi ya kusimama tunachagua Septemba. Kwa vitambaa, subirini mwisho wa Septemba hata kama mtalipa vibarua zaidi. Angalieni pia kalenda ya Kiislamu, maana siku za kuelekea Ramadhani na siku za Idi familia nyingi huzuru makaburi, na makaburi ya Wakristo hupata watu wengi Pasaka na tarehe 2 Novemba.

Kuondoa

Fedha za kuondolea zitengwe kabla kazi haijaletwa, kwa mhasibu au mzee mmoja aliyekubaliwa na pande zote. Kazi ikishazinduliwa wafadhili na wapiga picha huondoka, na vyuma vinavyobaki makaburini ni vya kikundi ambacho hakina nauli ya lori.

Kabla ya kuleta chochote, pigeni picha kila kaburi lililo ndani ya mita 10, pande zote nne, rula ikiwa imeshikwa mkononi mbele ya kila ufa. Rula isiegemezwe kwenye chokaa. Siku ya kuondoa rudieni picha hizo hizo, saa ile ile ya siku ili vivuli vilingane, mbele ya mjumbe wa msikiti au parokia na mwenyekiti wa mtaa. Chambueni ardhi kwa mikono: vipande vya waya, vichwa vya misumari, nyuzi za viroba. Sumaku iliyofungwa kwenye fimbo inaokota vyuma bila kugusa udongo. Reki isitumike.

Kisha rudini mara moja zaidi, baada ya mvua kubwa ya kwanza ya msimu unaofuata, mkague mahali vilipokaa vitako na miguu ya ngazi. Ardhi ikiwa imeshuka, msifukie wenyewe. Mwiteni mwenye kaburi au kamati, muwaonyeshe, na udongo utakaoongezwa uchaguliwe na wao.